Inayonuka Siyo Inayowasha: Kupima Amini za Samaki kwa Bamba la Silika

Mnunuzi mzoefu pale soko la Feri, Dar es Salaam, humfunua samaki mashavu aone wekundu, humbonyeza kwa kidole aone kama nyama inarudi, kisha humnusa. Kwa samaki wengi inatosha. Harufu anayoitafuta ni ya trimethilamini, ambayo bakteria huitengeneza kutokana na kemikali iliyomo mwilini mwa samaki wa baharini tangu akiwa hai. Kwa jodari, vibua na nguru, hata hivyo, pua inaweza kudanganya. Nyama ya samaki hawa ina histidini nyingi, na bakteria kama Morganella morganii huigeuza histidini kuwa histamini, kitu ambacho pua haikisikii. Samaki akikaa saa kadhaa kwenye joto la mchana kabla ya kukutana na barafu, histamini inaweza kufika kiwango cha kudhuru huku macho yake yangali maangavu.

Aliyemla huona dalili ndani ya dakika chache au saa chache: uso unakuwa mwekundu, kichwa kinagonga, ngozi inawasha, moyo unakwenda mbio, na wengine husema walihisi ukali kama wa pilipili tangu tonge la kwanza. Majirani watasema ana aleji ya samaki. Kumbe pengine hana aleji yoyote. Amekula histamini ileile ambayo mwili wenyewe huimwaga wakati wa aleji, na kesho akila jodari aliyehifadhiwa vizuri hatadhurika. Wala jiko halimsaidii. Histamini huvumilia kuchemshwa, kukaangwa na hata joto la kiwandani la kusindika samaki wa kopo.

Trimethilamini na histamini zote ni amini, kemikali za ukoo wa amonia. Basi kuna amini inayonuka na kuna amini inayowasha, na hazipandi pamoja. Ukitaka kujua ya pili imefika wapi ni lazima uitenganishe na wenzake ndipo uipime. Kazi hiyo siku hizi hufanywa zaidi na mashine ya kromatografia ya kimiminika chenye mgandamizo mkubwa, ambayo ni ghali kuinunua na ghali zaidi kuitunza. Njia nyingine, ya zamani kidogo na ya bei ndogo, ni kromatografia ya tabaka jembamba. Hoja yangu ni kwamba njia hii imedharauliwa isivyostahili, na wanaoitetea nao mara nyingi huitetea kwa sababu isiyo yenyewe. Husifiwa kuwa ni rahisi. Kwa amini si rahisi hata kidogo. Ubora wake uko kwingine.

Tuanze na kinachofanyika. Bamba la kioo au la alumini hupakwa unga laini wa jeli ya silika, unene wa robo milimita hivi. Sentimita moja na nusu kutoka chini unachora mstari kwa penseli. Kalamu ya wino haifai, kwani wino nao utapanda. Juu ya mstari unagusisha matone madogo ya dondoo la samaki, ukikausha kila tone ili doa lisizidi milimita 3. Kisha unalisimamisha bamba ndani ya chombo chenye kiyeyushi kidogo kisichofika kwenye madoa, unafunika. Kiyeyushi kinapanda chenyewe ndani ya unga kikibeba vilivyomo. Kinachopenda silika kinabaki nyuma, kinachopenda kiyeyushi kinakwenda mbele. Umbali wa doa ukigawanywa kwa umbali wa kiyeyushi unapata thamani ya Rf, ambayo kwa kemikali ileile na hali ileile haibadiliki sana.

Asili ya mbinu hii imefungamana na mimea ya dawa. Mrusi Mikhail Tsvet ndiye aliyetenganisha rangi za majani ndani ya mrija wa unga mwanzoni mwa karne ya 20, akaipa kromatografia jina lake mwaka 1906. Mwaka 1938, mjini Kharkiv, Izmailov na Shraiber walitandaza unga wa alumina juu ya vioo vya hadubini na kudondoshea dondoo za mimea ya dawa, ambayo viini vyake vingi ni alkaloidi, nazo ni amini. Lakini ilibidi kumsubiri Mjerumani Egon Stahl, katika miaka ya 1950, aweke vipimo vya unga, vya unene na vya upakaji, ndipo maabara mbili zikaweza kufanya jaribio moja na kupata jibu moja. Kabla yake kila mtu alipaka bamba lake kivyake.

Ugumu wa amini unatokana na nitrojeni yake. Ukichukua amonia ukang'oa hidrojeni moja na kuweka mnyororo wa kaboni, unapata amini ya daraja la kwanza. Ukiondoa mbili, ya pili. Tatu, ya tatu. Katika zote nitrojeni hubaki na jozi ya elektroni zisizo na kazi, na jozi hiyo ndiyo inayoifanya amini kuwa besi. Uso wa silika, kwa upande wake, umejaa vikundi vya haidroksili vyenye asili ya asidi. Besi na asidi zikikutana hushikana. Sehemu ya amini hung'ang'ania pale pale, sehemu inapanda kidogo na kushikwa tena, na mwisho wake badala ya doa la mviringo unapata mkia mrefu kutoka mstarini hadi katikati ya bamba. Mkia haupimiki. Huwezi kusema unaanzia wapi, na amini ya jirani imejificha ndani yake.

Wanafunzi wengi huishia hapo na kulilaumu bamba. Dawa yake ni kuipa silika besi nyingine ya kushikana nayo. Ukichanganya asetoni sehemu 95 na maji ya amonia sehemu 5, amonia inakalia zile sehemu zenye asidi na histamini inapanda ikiwa doa lililojikusanya. Histidini, ambayo ina pande mbili, ya besi na ya asidi, hubaki chini karibu na mstari, na hilo ni jambo jema: samaki mbichi amejaa histidini isiyo na madhara, na usingependa ichanganyike na unachokitafuta. Wengine hutumia triethilamini badala ya amonia. Wengine huenda njia ya pili kabisa, butanoli na asidi asetiki na maji, ili amini zote ziwe chumvi na zisafiri kama chumvi. Njia ya asidi ni ya polepole, huchukua saa nyingi, ila mabamba yake ni safi.

Hadi hapo bamba bado ni jeupe. Histamini haina rangi, na hii ndiyo hatua ambayo uchaguzi wa kemikali huamua unachoruhusiwa kukiona. Inayojulikana zaidi ni ninhidrini, iliyogunduliwa na Siegfried Ruhemann kule Cambridge mwaka 1910. Ukiinyunyiza na kulipasha bamba joto la nyuzi 100 kwa dakika chache, amini za daraja la kwanza hutoka zambarau. Lakini kama amonia ya kiyeyushi haikukaushwa vizuri, bamba zima linageuka zambarau, kwa sababu ninhidrini hushika amonia pia. Dakika kumi za kukausha zaidi zimeokoa mabamba mengi.

Ipo pia kemikali ya Pauly, ambayo hushika pete ya imidazoli kama iliyomo kwenye histidini na histamini, ikazipa rangi ya machungwa iliyoiva, ingawa hushika pia fenoli kama tirosini na tiramini. Kwa samaki naiona nzuri kuliko ninhidrini, maana putresini na kadaverini, amini nyingine za nyama inayooza, haziitikii, hivyo doa la histamini haliwezi kuchanganywa nazo. Iko fluoreskamini, ya miaka ya 1970, inayofanya doa la amini ya daraja la kwanza ling'ae chini ya taa ya urujuanimno. Na iko dansili kloridi, inayotaka subira zaidi: dondoo huchanganywa nayo kabla ya kupanda bambani, katika maji yenye besi, vuguvugu, gizani, nusu saa au zaidi. Faida yake ni mbili. Amini iliyofungwa na dansili inang'aa kijani cha manjano hata ikiwa ni nanogramu chache. Na kwa kuwa nitrojeni yake imeshafungwa, haina tena ubesi wa kung'ang'ania silika, na ule mkia unakwisha. Kwa anayetaka kuzipima putresini na kadaverini pamoja na histamini, sioni njia nyingine ya bamba inayoishinda.

Kwa nini uzipime hizo mbili? Putresini ina kaboni 4, kadaverini 5. Zote alizieleza Ludwig Brieger kule Berlin mwaka 1885 alipokuwa akichunguza nyama inayooza. Peke yake, katika kiasi kinachopatikana kwa samaki, hazimdhuru mlaji sana. Lakini huvizuia vimeng'enya vya utumbo vinavyovunja histamini, na kwa sababu hiyo samaki wawili wenye histamini sawa wanaweza kuwatendea walaji tofauti. Mashirika ya FAO na WHO, katika mkutano wao wa wataalamu mwaka 2012, yalichukua miligramu 50 za histamini kwa mlo kama kiasi ambacho mtu mwenye afya hategemewi kudhurika nacho, na kwa mlo wa gramu 250 za samaki wakapata kiwango cha miligramu 200 kwa kilo.

Trimethilamini je, ile inayonuka? Bamba haliijui. Ni amini ya daraja la tatu, haina hidrojeni ya kumpa ninhidrini wala dansili, na huchemka kwa nyuzi 3 tu, hivyo huruka hewani kabla hujamaliza kukausha doa. Pua inabaki na kazi yake.

Sasa kipimo chenyewe. Chukua gramu 10 za nyama ya jodari, saga na methanoli, chuja, jaza hadi mililita 50. Kama samaki ana miligramu 100 kwa kilo, zile gramu 10 zina miligramu 1, na mililita moja ya dondoo ina mikrogramu 20. Ukiweka mikrolita 10 bambani, doa lina mikrogramu 0.2. Pembeni yake weka histamini safi iliyopimwa: 0.1, 0.2 na 0.4. Madoa hayo matatu yanasimama mahali pa miligramu 50, 100 na 200 kwa kilo. Hamsini ndiyo Marekani imekuwa ikiichukulia kwa miaka mingi kuwa dalili ya samaki aliyeharibika. 100 na 200 ni namba za Ulaya. Mkaguzi haulizwi samaki ana 137 au 141. Anaulizwa yuko upande gani wa mstari, na mistari yote mitatu iko mbele ya macho yake, imepanda kwenye silika ileile, kwa kiyeyushi kilekile, ikanyunyiziwa kwa mkono uleule.

Hapo ndipo nguvu ya njia hii ilipo. Makosa karibu yote ya bamba, kama unyevu wa hewa, unga usio sawa, kiyeyushi kilichokaa muda mrefu na jiko lisilo na joto sahihi, huyagusa madoa ya rejea na ya sampuli kwa pamoja, na ukilinganisha hayo kwa hayo sehemu kubwa ya kosa inajifuta. Atakayepima leo kwa madoa ya rejea ya jana amejinyima faida hiyo yote. Wala madoa ya rejea yasiwekwe pembeni tu. Chombo kisipojaa mvuke, kiyeyushi hupanda kwa kasi tofauti ukingoni na katikati, hivyo ni vizuri kuyarudia sehemu zote mbili, na kutia karatasi ya chujio ndani ya chombo nusu saa kabla.

Kuna mtego mmoja ambao haumo kwenye bamba kabisa. Mara nyingi histamini haiuzwi ikiwa histamini; huuzwa ikiwa chumvi, histamini dihidrokloridi. Uzito wa molekuli ya histamini ni 111, wa chumvi yake 184. Kupata miligramu 1 ya histamini ni lazima upime miligramu 1.66 za chumvi. Asiyesoma lebo atapima 1, madoa yake ya rejea yatakuwa hafifu kuliko anavyoamini, na samaki mwenye 61 atasomeka 101. Shehena halali itakataliwa, na hakuna mashine yoyote duniani itakayomstua, hata ile ya bei mbaya, kwa kuwa nayo huamini inachoambiwa kuhusu rejea.

Jicho la mtu likilinganisha madoa hukosea kwa asilimia 10 hadi 30. Kisomaji cha doa, densitomita, kinachopitisha mwanga juu ya njia na kupima unaorudi, hushusha kosa hadi asilimia chache, hasa kwa mabamba ya unga laini zaidi wa mikromita 5 hivi. Katikati imeingia simu. Unapiga picha ya bamba chini ya taa ya urujuanimno na kuisoma kwa programu ya bure kama ImageJ. Sina ugomvi na simu, ila kamera zake hujirekebishia mwanga bila kukuuliza, na ukali wa doa haukui sambamba na kiasi cha kemikali. Mara mbili ya histamini haitoi mara mbili ya rangi. Unahitaji madoa ya rejea manne au matano kuchora mkunjo huo, na yote yawe kwenye picha moja. Ukifunga mwangaza wa kamera na kufanya hivyo, simu inafaa.

Tanzania imekwisha kulijaribu bamba kwa jambo zito kuliko jodari. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mamlaka ya dawa ilianza kutumia Minilab, sanduku la vifaa lililobuniwa na mfuko wa GPHF wa Ujerumani, katika vituo vya kuingilia nchini. Ndani yake kuna mabamba, viyeyushi na vidonge vya rejea, na kipimo ni cha madoa mawili: rejea ya asilimia 100 na rejea ya asilimia 80. Dawa nyingi zinazopimwa hivyo ni amini, kwinini na klorokwini zikiwamo. Kidonge cha SP kina miligramu 500 za salfadoksini na 25 za pirimethamini, na bamba moja hutenganisha zote mbili. Wafamasia wa Muhimbili, wakiongozwa na Kaale na Risha, wameandika kwa miaka mingi jinsi ya kuipandisha mbinu hii kutoka kazi ya jicho hadi kipimo kamili. Fundisho lililopatikana lina pande mbili. Bamba hukamata haraka kidonge kisicho na dawa au chenye nusu ya dawa. Kidonge chenye asilimia 85, au chenye dawa kamili isiyoyeyuka tumboni, hupita, kwa sababu ndani ya methanoli kila kitu huyeyuka.

Turudi kwa samaki, maana mizani hiyohiyo inatumika. Kanuni ya Ulaya namba 2073 ya mwaka 2005 inataka sampuli 9 kwa kila shehena: wastani usizidi 100, mbili tu ziruhusiwe kuwa kati ya 100 na 200, na hata moja isizidi 200. Tisa si namba ya bahati. Histamini haijasambaa sawasawa. Samaki wa juu kwenye kreti na wa chini hawakupata barafu sawa, na ndani ya samaki mmoja nyama ya mbele, karibu na mashavu na tumbo, kwa kawaida huwa nayo zaidi kuliko ya mkia. Nimesikia mijadala mirefu kuhusu mashine inayokosea kwa asilimia 3 na jicho linalokosea kwa 20, ilhali fundi aliyekata nyama mkiani alishakosea mara kadhaa ya hizo kabla maabara haijafunguliwa. Sampuli 9 na madoa ya rejea 6 zinaenea kwenye bamba moja la sentimita 20 na kupanda kwa pamoja ndani ya saa moja. Mashine huzichukua moja baada ya nyingine. Kwa hiyo bamba linampa mtu sababu ya kupima samaki wengi, na wengi ndio wanaohitajika.

Halimpi cheti. Njia ya rejea ya Ulaya ni ya mashine, kwa kiwango cha EN ISO 19343, na msafirishaji hana budi kuifuata, au kufuata njia iliyothibitishwa dhidi yake. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Ulaya ilipofunga mlango kwa samaki wa Ziwa Victoria, kwa hofu ya kipindupindu na baadaye ya viuatilifu, wenye viwanda walijionea gharama ya kukosa vipimo vinavyoaminika nje. Sangara, kwa bahati, si samaki wa histamini. Jodari wa Bahari ya Hindi ni samaki wa histamini, na anauzwa kokote.

Mahali pa bamba, kwa hiyo, ni chumba cha kupokelea samaki kiwandani, si ufukweni. Methanoli ni sumu, amonia inachoma macho, na dansili hutaka giza na joto lililopimwa. Unahitaji kabati la kufyonza mvuke na mtu aliyefundishwa. Dagaa waliokaushwa kwa chumvi wanahitaji hatua ya ziada, kwani chumvi huvuruga upandaji na kurudisha ile mikia. Dondoo lao lisafishwe kwanza kwa kulivutia ndani ya butanoli. Baada ya hapo mgawanyo ni wa mafungu matatu. Shehena ambayo madoa yake yote tisa ni hafifu kuliko rejea ya 50 iendelee na safari yake, pamoja na vipimo vya kawaida vya cheti. Yenye hata doa moja lililozidi rejea ya 200 ikataliwe, bila kungoja mashine ithibitishe. Za katikati zipelekwe kwenye mashine, zikiwa zimegandishwa na zikiwa na sampuli 9 mpya zilizokatwa nyama ya mbele, mkaguzi akijua kwamba baridi inawazuia bakteria wasiongeze histamini lakini haipunguzi hata mikrogramu moja ya ile iliyokwisha kutengenezwa.